Wallace Sabine: Mwalimu aliyebeba mito ya viti usiku ili watu wasikilizane

Msikilizaji wetu, huenda jambo hili limewahi kukutokea. Umeitwa mkutanoni, umetembea kutoka Matongo au kijiji cha jirani, umewahi ukumbini na kupata kiti. Ukumbi ni mpya. Kuta za tofali zimepigwa plasta, sakafu ni ya saruji, juu ni bati. Mgeni rasmi anasimama, anashika maikrofoni na kuanza kuongea. Sauti yake unaisikia, tena kubwa. Maneno yake huyapati. Neno la kwanza halijaisha kwenye kuta, la tatu limeshaingia. Mkitoka nje mnaanza kuulizana: amesema mbolea ya ruzuku inakuja mwezi huu au mwezi ujao?

Wengi hulaumu spika. Wengine humlaumu mzungumzaji kwamba hana sauti, au fundi mitambo kwamba hajui kazi. Mara nyingi kosa si la hao wote. Kosa ni la chumba chenyewe.

Katika makala haya tunaeleza maisha ya mtu aliyekuwa wa kwanza kulipima kosa hilo kwa hesabu na kuonyesha namna ya kuliondoa kabla tofali la kwanza halijawekwa. Jina lake ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia kutoka Marekani. Amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata hivyo, kila ukumbi wa muziki, kila jumba la maigizo na kila studio ya redio iliyojengwa kwa utaalamu duniani hupimwa kwa njia aliyoianzisha yeye, ikiwemo vyumba tunamorekodia vipindi unavyovisikia.

Mtoto wa Ohio

Sabine alizaliwa tarehe 13 Juni 1868 katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio. Ili upate picha ya wakati huo, mwaka 1868 Zanzibar ilikuwa chini ya Sultani Majid, na Wajerumani walikuwa bado hawajafika kututawala. Hapakuwa na redio wala kipaza sauti cha umeme popote duniani. Aliyetaka kusikika na watu elfu moja alitegemea kifua chake na umbo la mahali aliposimama.

Mama yake alihangaikia sana elimu ya watoto wake, wa kiume na wa kike. Wallace alikuwa mwanafunzi mwepesi. Alipata shahada yake ya kwanza katika chuo kikuu cha jimbo la Ohio mwaka 1886, akiwa na miaka 18 tu. Kisha akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Harvard, karibu na jiji la Boston, na miaka miwili baadaye akapata shahada ya uzamili. Hapo hapo akaajiriwa kufundisha, na mwaka 1895 alikuwa tayari profesa msaidizi.

Hakuwahi kusoma shahada ya udaktari. Kwa miaka ya mwanzo hakujulikana kwa utafiti wowote mkubwa. Wanafunzi wake walimpenda kwa sababu alifundisha vizuri, na wenzake walimfahamu kama mtu mpole, asiyependa kujitangaza, lakini mwenye msimamo mkali kwake mwenyewe: kama kipimo kina shaka, hakitumii. Tabia hiyo ndiyo itakayombeba, na ndiyo itakayomtesa.

Chumba kisichofaa kusomea

Mwaka 1895 Harvard ilifungua jengo jipya la makumbusho ya sanaa lililoitwa Fogg. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa mihadhara. Ukumbi ulikuwa wa kupendeza kwa macho, lakini wa siku ya kwanza tu. Mwalimu alipoanza kufundisha, wanafunzi hawakumwelewa. Neno moja likitamkwa kwa sauti ya kawaida lilibaki likisikika chumbani kwa takriban sekunde 5.5. Katika muda huo mwalimu alikuwa ameshatamka silabi nyingine zaidi ya kumi. Zote zilikuwa hewani kwa pamoja, zikigongana.

Hapa tueleze jambo moja, kwa sababu watu huchanganya. Ukisimama upande mmoja wa bonde na kumwita mtu upande wa pili, sauti yako hugonga kilima na kukurudia mara moja, ikiwa kamili. Huo ni mwangwi. Ndani ya chumba hali ni tofauti kidogo. Sauti hugonga ukuta huu, ikaruka hadi ule, ikapanda darini, ikashuka sakafuni, mara mamia kwa mamia, na kila ikigonga hupungua kidogo mpaka inaisha. Husikii neno likirudi, bali unasikia sauti ikijivuta. Katika makala haya tutaiita mvumo. Chumba chenye mvumo mrefu mno humeza maneno. Chumba kisicho na mvumo hata kidogo kinafaa maneno, lakini muziki ndani yake huwa mkavu kama ugali usio na mboga.

Rais wa Harvard wakati huo, Charles Eliot, alimwomba Sabine atafute dawa ya ukumbi wa Fogg. Kwa nini Sabine? Yeye ndiye aliyekuwepo, alikuwa kijana, na walimu wakubwa waliona kazi hiyo haina mwisho. Hadi wakati huo wajenzi walikuwa wakibahatisha. Wengine waliamini kwamba siri ni vipimo vya urefu na upana vyenye uwiano maalumu. Wengine walitandaza waya kutoka ukuta hadi ukuta wakidhani utakata sauti, jambo ambalo halikusaidia kitu. Ukumbi mmoja ulitoka mzuri, mwingine mbaya, na hakuna aliyejua sababu.

Kazi ya usiku wa manane

Sabine alianza na swali rahisi: ni nini hasa kinachomaliza sauti chumbani? Akafikiri kwamba vitu laini kama nguo, mazulia na mito hufyonza sauti, na vitu vigumu kama plasta na mawe huirudisha. Hilo watu wengi walilihisi. Yeye alitaka kulipima.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na bomba moja la kinanda cha kanisani lililopigwa kwa hewa iliyogandamizwa, ili litoe sauti ileile na nguvu ileile kila mara. Alikuwa na saa ya kuhesabia vipande vya sekunde. Na alikuwa na masikio yake mawili. Alipiga bomba, akalizima ghafla, kisha akahesabu sekunde mpaka sauti ya mwisho kabisa ilipopotea masikioni mwake.

Kazi hiyo haikuwezekana mchana. Kelele za wanafunzi na za magari ya reli ya mtaani zilifunika sauti ndogo za mwisho. Kwa hiyo Sabine alifanya kazi kati ya usiku wa manane na alfajiri, usiku baada ya usiku, kwa miaka mitatu.

Jirani na Fogg palikuwa na jumba jingine la chuo liitwalo Sanders Theatre, ambalo watu walilisifu kwa usikivu wake. Viti vyake vilikuwa na mito. Sabine na vijana waliomsaidia wakawa wanaibeba mito hiyo usiku, wanaipeleka Fogg, wanaipanga kwenye viti, wanapima. Wanaongeza mito, wanapima tena. Mito ilipojaa vitini waliitandaza kwenye njia, kwenye jukwaa, mpaka wakaisimamisha kwenye ukuta wa nyuma. Mvumo wa sekunde 5.5 ulishuka hadi kubaki sekunde moja na kidogo. Kisha, kabla jua halijachomoza, mito yote ilirudishwa Sanders, kwa sababu asubuhi watu wangehitaji kuikalia.

Wazia mwenyewe. Mwalimu wa chuo kikuu, usiku wa baridi kali, amebeba mto begani anavuka njia na kurudi mwingine. Wapita njia wangemwona wangesema amechanganyikiwa.

Vipimo vilivyotupwa kwa sababu ya nguo

Sasa tufike kwenye jambo linalotueleza Sabine alikuwa mtu wa namna gani. Baada ya kukusanya vipimo vingi sana, aligundua tofauti ndogo asizoweza kuzieleza. Chumba kilikuwa kilekile, bomba lilelile, saa ileile, lakini namba zilipishana kidogo. Mwishowe akajua sababu. Ilikuwa ni nguo zake mwenyewe. Siku aliyovaa koti zito, mwili wake ulifyonza sauti zaidi. Siku aliyovaa nyepesi, ulifyonza kidogo.

Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, na mwingine angeiacha ipite. Hakuna aliyekuwa akimkagua. Sabine alivitupa vipimo vyote alivyokuwa amevichukua bila kuangalia mavazi, kazi ya miezi, akaanza upya. Tangu hapo alivaa nguo zilezile kila anapopima, na aliandika katika kumbukumbu zake amevaa nini, tangu koti mpaka viatu.

Kutoka hapo alijifunza pia jambo lenye faida kubwa: mwili wa mtu ni kifyonza sauti kizuri kuliko vitu vingi vya ujenzi. Ndiyo maana ukumbi ukiwa mtupu huvuma, na ukijaa watu hutulia. Wanakwaya wote wanalijua hili. Jumamosi mnafanya mazoezi kanisani, sauti zinaelea. Jumapili kanisa limejaa, sauti ileile inaonekana imekauka.

Alihitaji kizio cha kupimia, akachagua kitu ambacho kila nyumba inacho: dirisha lililo wazi. Sauti ikifika kwenye dirisha wazi hutoka moja kwa moja na hairudi. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi hufyonza sauti yote inayoifikia. Vitu vingine vyote akavilinganisha na dirisha hilo. Plasta humeza sehemu ndogo sana. Zulia zito humeza zaidi. Na mtu mmoja aliyekaa katikati ya wenzake alimhesabu kuwa sawa na mita za mraba 0.44 za dirisha wazi.

Kufikia mwaka 1898, ukumbi wa Fogg ulibandikwa mablanketi mazito ya manyoya kwenye kuta. Haukuwa ukumbi bora, lakini mwalimu aliweza kufundisha na wanafunzi wakaelewa.

Tajiri wa Boston na usiku wa Oktoba

Wakati huohuo mjini Boston tajiri mmoja aitwaye Henry Lee Higginson alikuwa akitafuta pesa na kiwanja cha kujengea ukumbi mpya wa okestra. Okestra ya jiji aliianzisha yeye. Wasanifu wa majengo aliowachagua walikuwa kampuni mashuhuri ya McKim, Mead na White. Mchoro wao wa mwanzo ulikuwa wa nusu duara, mfano wa majumba ya maigizo ya Wagiriki wa kale. Higginson aliogopa. Angetumia mali nyingi, halafu ukumbi ukatoka mbaya, afanye nini? Kuta huwezi kuzisogeza.

Akamwendea Eliot, na Eliot akamtaja Sabine. Sabine mwanzoni alisita. Alikuwa na lundo la namba, lakini hakuwa na kanuni ya kumwezesha kusema mapema ukumbi ambao haujajengwa utasikikaje. Eliot akamsukuma: vipimo anavyo, sasa atoe jibu.

Sabine alijifungia na madaftari yake kwa takriban majuma mawili. Usiku mmoja mwishoni mwa Oktoba 1898, akiwa nyumbani na mama yake, namba zilimfungukia. Aliona kwamba mvumo na ufyonzaji hupanda na kushuka kwa kupokezana: ukiongeza ufyonzaji mara mbili, mvumo hupungua nusu. Na chumba kikiwa kikubwa mara mbili kwa ujazo, huku ufyonzaji ukibaki uleule, mvumo huwa mrefu mara mbili. Akamwandikia Eliot, na akakubali kazi ya Boston.

Kanuni yake ni fupi na mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, kisha gawa kwa jumla ya ufyonzaji wa kila kitu kilichomo. Jibu ni sekunde za mvumo.

Tuifanyie kazi hapa kwetu

Tuchukue ukumbi wa mfano. Urefu mita 20, upana mita 10, kimo mita 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 800. Zidisha kwa 0.16 upate 128. Shika namba hiyo.

Sakafu, dari na kuta nne kwa pamoja zina mita za mraba 640. Tuseme zote ni ngumu na humeza asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga. Hiyo ni kama mita 19 za dirisha wazi. Gawa 128 kwa 19 na kidogo: mvumo ni karibu sekunde 6.7. Humo ndani hakuna mkutano, ni makelele.

Sasa fungua madirisha 10, kila moja la mita moja na nusu ya mraba. Umeongeza 15, jumla ni kama 34. Gawa tena: sekunde 3.7. Umepunguza karibu nusu, bila kutoa hata shilingi.

Waingize watu 150. Kila mmoja huleta 0.44, jumla yao ni 66. Ufyonzaji wote sasa ni kama 100. Gawa 128 kwa 100: sekunde 1.28. Kwa mazungumzo tunataka mvumo wa karibu sekunde moja, kwa hiyo hapo watu wanaanza kuelewana.

Lakini angalia jambo moja. Wakija watu 40 tu badala ya 150, mvumo unarudi juu kupita sekunde 2. Ndiyo maana mkutano wenye watu wachache katika ukumbi mkubwa huwa mgumu kusikika kuliko mkutano uliojaa. Na ukiongeza nguvu ya spika, mvumo nao unaongezeka nguvu vilevile. Ni sawa na kumwaga maji zaidi kwenye tope ukidhani utalikausha.

Hesabu hii ni ya makadirio. Sauti nene na sauti nyembamba hazifyonzwi sawasawa, na Sabine mwenyewe alitumia miaka mingi baadaye kuzipima moja moja. Lakini kwa kamati ya ujenzi ya kijiji, makadirio haya yanatosha kuwaonyesha tatizo kabla ya kununua saruji.

Ukumbi wa mwaka 1900

Mchoro wa nusu duara uliachwa. Ukumbi wa Boston ulijengwa kwa umbo la kiboksi kirefu, chembamba na cha juu, kama ulivyokuwa ukumbi uliosifiwa wa Leipzig huko Ujerumani. Sabine alikokotoa ujazo, vifaa na idadi ya viti ili mvumo ufae okestra. Kuta za jukwaa zilielekezwa ndani kidogo ili zisukume sauti kwa wasikilizaji. Roshani za pembeni zilifanywa kuwa fupi ili zisiwafunike waliokaa chini. Kuta na dari zilipewa vishimo, na ukutani zikawekwa sanamu, na vitu hivyo huitawanya sauti isirudi kama mshale.

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, ukiwa na viti zaidi ya 2,600. Ulikuwa wa kwanza duniani kusanifiwa kwa kufuata kanuni ya kisayansi ya sauti. Mwaka huohuo Sabine alimwoa Jane Kelly, ambaye alikuwa daktari wa tiba. Walijaliwa watoto wawili wa kike.

Ungetarajia kwamba usiku ule ulikuwa wa furaha tupu. Haukuwa hivyo. Waandishi kadhaa wa muziki waliulalamikia ukumbi huo. Masikio yao yalikuwa yamezoea ukumbi wa zamani, na walisema huu haujazi sauti inavyopaswa. Isitoshe, mvumo halisi ukumbini ukijaa watu ulikuja kupimwa na wengine miaka mingi baadaye, ukaonekana ni mfupi kuliko Sabine alivyokadiria. Yeye alitarajia zaidi ya sekunde 2, ukawa chini kidogo ya hapo.

Lawama hizo zilimuuma. Mtu aliyetupa kazi ya miezi kwa ajili ya koti, unaweza kufikiria alivyojisikia kuambiwa mbele ya jiji zima kwamba kazi yake ina kasoro. Lakini hakuingia kwenye mabishano. Aliendelea kupima. Na miaka ilivyopita, waongoza okestra kutoka nchi mbalimbali walipiga muziki mle na kuusifu. Leo ukumbi wa Boston huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora kabisa za muziki duniani, pamoja na ule wa Vienna na ule wa Amsterdam. Sabine hakuishi kuziona sifa hizo zikikubalika kila mahali.

Miaka ya mwisho

Baada ya hapo wasanifu wengi walimfuata kwa ushauri, kuhusu makanisa, majumba ya maigizo na kumbi za mikutano. Mwaka 1913 alionyesha picha za ajabu: alitengeneza vielelezo vidogo vya majumba ya maigizo, akapiga mshtuko wa sauti ndani yake na kupiga picha ya wimbi likisafiri na kugonga kuta. Kwa mara ya kwanza msanifu aliweza kuona kwa macho sauti itakwama wapi. Pamoja na mjenzi Rafael Guastavino alibuni vigae vyenye vitundu vidogo vya kufyonza sauti, kwa ajili ya makanisa yenye dari za mawe.

Harvard pia ilimbebesha uongozi. Tangu mwaka 1906 alikuwa mkuu wa shule ya sayansi, na utafiti wake ulibaki kazi ya usiku kama zamani.

Vita vya Kwanza vya Dunia, vilevile vilivyofika hadi huku kwetu Afrika Mashariki, vilimkuta akiwa na mambo mengi. Alikwenda Ulaya mwaka 1916, akafundisha Paris, akasaidia majeshi ya Ufaransa na Uingereza katika masuala ya kisayansi. Aliporudi Marekani alifanya kazi ya serikali kuhusu ndege huko Washington, huku akiendelea kufundisha Harvard, akisafiri huku na huku bila kupumzika. Alikuwa na ugonjwa wa figo. Mke wake alikuwa daktari, na hakukosa wa kumshauri. Lakini aliahirisha matibabu akisema kazi ya vita kwanza.

Vita viliisha Novemba 1918. Sabine alifariki tarehe 10 Januari 1919, akiwa na miaka 50. Huko Geneva, jimbo la Illinois, maabara ya sauti ilikuwa imejengwa maalumu kwa ajili yake. Hakuwahi kufanya kazi ndani yake. Ndugu yake, Paul Sabine, ndiye aliyeiongoza. Maandiko yake yalikusanywa na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1922, na kizio cha ufyonzaji wa sauti kikapewa jina lake: sabini.

Uwanja usio na paa

Tukimaliza hapo tutakuwa tumeacha swali moja. Wazee wetu wa Kikurya walipiga litungu na kucheza na viatu virefu vya mbao muda mrefu kabla ya Sabine kuzaliwa. Hawakuwa na kanuni, na kila mtu alisikia. Waliwezaje?

Jibu lipo kwenye dirisha la Sabine. Uwanja wa nyumbani ni dirisha wazi pande zote, na juu pia. Hakuna kinachorudisha sauti, kwa hiyo hakuna mvumo. Gharama yake ni kwamba sauti hudhoofika haraka ukisogea mbali. Ndiyo maana watu humzunguka mpigaji kwa karibu, badala ya kupangwa mistari mirefu. Duara lile ni usanifu pia, ingawa halina ramani.

Jirani zetu Wakenya walilijua hilo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijijengea kwa mikono yao jumba la maigizo lisilo na paa, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaigiza kwa lugha yao ya Kikuyu. Serikali ilizuia mchezo huo mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi walilibomoa jumba. Lililowasumbua wakubwa ni kwamba wakulima na vibarua walikaa pamoja na kila mmoja alisikia na kuelewa.

Hapo ndipo tunapoona kwamba suala la sauti ukumbini si la wapenda muziki peke yao. Mkutano wa kijiji ambamo walio nyuma hawasikii, si mkutano wao. Watapiga kura kwa jambo wasilolielewa, au watanyamaza.

Kama kijiji chenu kinajenga

Kama kamati yenu inajenga ukumbi, kanisa, msikiti au bwalo la shule, zingatieni haya kabla ya kupaua. Wekeni madirisha mengi na makubwa, yanayofunguka kweli. Msipandishe kuta juu sana bila sababu, kwa maana kila mita ya kimo inaongeza ujazo na mvumo. Mzungumzaji awe na ukuta mgumu nyuma yake wa kusukuma sauti mbele, na ukuta wa nyuma ya wasikilizaji ndio upewe vitu laini: mapazia mazito, mikeka minene, au mbao zilizotobolewa zenye sufi au pamba nyuma yake. Trei za mayai ambazo wengi hubandika husaidia kidogo tu, tena kwa sauti nyembamba, na hushika moto upesi.

Dari chini ya bati ni muhimu kwa sababu nyingine. Mvua ikinyesha juu ya bati tupu, hata kanuni ya Sabine haitakuokoa.

Na kama ukumbi umeshajengwa na unawasumbua, jaribuni kama yeye. Ingieni usiku pakiwa kimya, mmoja apige kofi mara moja, mwingine ahesabu kwa saa ya simu mpaka sauti iishe. Kisha leteni magodoro na mablanketi ya majirani, pangeni ukutani, pigeni tena. Asubuhi mrudishe kila godoro kwa mwenyewe, kama Sabine alivyorudisha mito.